Kadi Iliyokwama kwenye Saba

Ndugu yangu mdogo alipiga picha za harusi pale mtaani Kator kwa miaka mingi, na alipokufa ndipo tulipogundua kwamba hatuna picha yake. Mpiga picha haonekani pichani. Jambo hilo liko wazi, ila hakuna aliyewahi kulifikiria. Katika simu ya shemeji, mke wake, kila alipolengwa alikuwa ameinua kiganja mbele ya uso. Iliyobaki ni picha ya kitambulisho, ambamo anatazama kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani mkononi.

Karama ilikuwa inakaribia, siku ya kuchinja na kusali ili marehemu aiachie nyumba na nyumba nayo imwachie. Nyumbani kwetu siku hiyo picha ya marehemu huwekwa kwenye kiti, na wageni humsalimu yeye kwanza kabla ya kusalimiana wao kwa wao. Shemeji aliikataa kabisa ile ya kitambulisho.

"Waingie wamsalimu mwizi?" aliniuliza. "Nitafutie uso wake. Wewe si ndiye msomi?"

Usomi wangu ni shahada mbili, na hakuna hata moja inayohusu kutafuta nyuso. Lakini kamera nilikuwa nimeirithi mimi, na kazi zikaja nayo: kutafuta picha, kisha kurekodi karama yenyewe. Nikaketi na kadi ya kumbukumbu niliyoikuta ndani ya kamera, nikapitia harusi baada ya harusi. Hayumo. Sauti yake imo, nyuma ya kamera: "Bibi harusi, kidevu juu, yawa, hukuja kununua vitunguu!" Na mara moja kimo kivuli chake, kirefu, kimelala juu ya zulia jekundu mpaka miguuni pa maharusi. Nilikitazama kivuli kile hadi betri ikaisha.

Kadi ilikuwa imejaa. Ningeweza kufuta harusi mbili tatu nikapata nafasi, lakini shemeji hakutaka sauti ile iguswe. Ikabidi ninunue nyingine.

Nilikwenda Gudele, kwenye kibanda cha mama mmoja Mganda ambaye ndugu yangu alikuwa mteja wake. Nilikuwa nimesoma mtandaoni, kwa hiyo nilifika na ujuzi wa kuudhi. Nilijua kwamba namba kubwa iliyochapwa mbele ya kadi ni kasi ya kusoma, na kwamba kwa video kinachotakiwa ni kasi ya kuandika, ambayo hujificha kwenye alama ndogo pembeni: kumi ndani ya herufi C, au tatu ndani ya U. Kadi nazo, kama mimi, hujisifu kwa jinsi zinavyosoma, na kuhusu kuandika hunyamaza.

Mama alinipangia tatu juu ya kioo.

"Hii ya bei kidogo iko nzuri kwa picha ya kusimama tu. Hii ya katikati, video inaenda. Hii ya juu, hata sinema. Lakini wewe hutengenezi sinema."

"Ya katikati," nilisema. "Ila naijaribu kwanza."

"Jaribu, ustaz. Mimi iko hapa tu," alisema; kwetu kila aliyesoma huitwa ustaz.

Niliiingiza kadi, nikaigeuza kamera inielekee, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Ndivyo alivyofanya ndugu yangu siku zote. Kadi mpya haikwenda harusini kabla ya kumrekodi yeye mwenyewe akihesabu hadi kumi. Kadi isiyo na kasi hushindwa kumeza video, na kamera huacha kurekodi katikati ya hesabu. Iliyofika kumi aliifuta papo hapo, kwa sababu nafasi ni ya maharusi.

Nilipomaliza, mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Malesh, samahani, ustaz. Nilifikiri ni yeye. Alikuwa anasimama hapo hapo, anatoa macho, anahesabu kama mtoto wa nasari. Siku zote anafika kumi, isipokuwa siku ya ile kadi mbaya. Huyo mtu alinitukana! Nikamwambia, umeshauma mkate, sasa unataka nirudishe kwenye duka? Akacheka, akaenda nayo. Alisema ataonyesha watu wanaopenda rahisi."

Nililipa bila kuomba apunguze, jambo lililomtia wasiwasi. Njiani nilikuwa na wazo moja tu. Kadi zilizofaulu alizifuta ili azitumie. Iliyoshindwa, angeifuta ya nini?

Mimi na shemeji tulimwaga mkoba wa kamera kitandani. Kadi ile ilikuwa chini kabisa, ndani ya soksi ya mtoto, imebandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa "Mvivu". Niliichomeka, nikabonyeza.

Alikuwa pale. Ameunyoosha mkono ulioshika kamera, nyuma yake kioo cha kile kibanda, macho ameyatoa, jasho puani. Moja, mbili, tatu. Anataka kucheka na anajizuia. Saba. Kinywa kikabaki wazi, picha ikaganda, ikazima.

"Rudia," alisema shemeji.

Nikarudia. Akaniambia tena nirudie.

"Kwa nini haendelei?"

Nikaanza kumweleza habari za kasi ya kuandika. Sikufika mbali.

Tuliisimamisha video kwenye tatu, pale anapojizuia kucheka, tukaichapisha picha hiyo. Siku ya karama wageni waliingia wakiinamia kiti. Mjomba mmoja alimshika bega, yaani alishika fremu, akamwambia, "Kumbe umependeza hivi, siku zote unajificha."

Kabla ya sala nilisimama uani na kamera. Kadi ilikuwa imeshajaribiwa, hapakuwa na haja. Hata hivyo niliigeuza inielekee nikahesabu. Nilipofika saba nikanyamaza. Sikuwa nimekusudia. Taa nyekundu ya kamera iliendelea kuwaka.

"Nane," alisema shemeji kutoka kwenye masufuria, bila kuinua kichwa. "Endelea, shemeji. Padri anangoja."

Nikaendelea hadi kumi.

Ile rekodi ninayo bado. Nimeusikiliza mara nyingi ule ukimya kati ya saba na nane. Kuna mtu anavuta pumzi pale, karibu sana na kipaza sauti. Najiambia ni mimi.