Nilifuta Salamu Dirishani

Kosa ni langu. Nimelihesabu mara mbili nikidhani litapungua. Halijapungua!

Mie ni msimamizi wa zahanati moja huku Chang'ombe. Nilipopewa kiti tu, nilikaa kwenye benchi la wagonjwa siku mbili nzima, macho kwenye saa. Nikagundua wizi! Sista Zawadi, nesi wetu wa dirishani, alikuwa anamaliza dakika tatu kwa kila mgonjwa kwa kusalimiana tu. Shikamoo bibi, umeamkaje, wajukuu hawajambo, mvua huko kwenu je. Wagonjwa sitini kwa siku. Zidisha mwenyewe.

Nikabandika karatasi: SALAMU MOJA. TAJA TATIZO.

Sista Zawadi akanifuata ofisini. "Bosi, ugonjwa hautokagi kwenye salamu ya kwanza. Ya kwanza wote wazima. Ya pili wanamshukuru Mungu. Ya tatu ndo utasikia, 'ila huu mguu...'"

"Basi waanzie ya tatu," nikamjibu. Nilijiona mjanja mie!

Akaomba ziwe mbili. Mtu ninayeshushaga bei ya mchele mpaka muuzaji ananionea huruma, nishindwe na nesi? Ikabaki moja.

Foleni ikawa inaisha saa nne asubuhi. Kwenye kikao nikasoma rekodi ya wiki: kuna bibi alimalizwa kwa sekunde hamsini! Nikaagiza Sista apigiwe makofi. Yeye hakucheka.

Bibi yule alikuwa mama yangu mzazi.

Alitoka Boko na kidonda mguuni, na mama ana sukari. Hakutaka kunisumbua ofisini, akapanga foleni kama watu. Sista hakumjua, akafuata karatasi yangu. "Shikamoo bibi. Tatizo?"

"Marahaba. Mie mzima, mwanangu," mama akasema, akangoja aulizwe tena.

Hakuulizwa. Nyuma yake mtu akadakia, "Bibi, kama mzima si utupishe!" Akawapisha. Kidonda akarudi nacho ndani ya kiatu.

Haya yote nimeyajua wiki ya tatu baadaye, kwenye wodi ya hospitali, baada ya dada yangu kunipigia simu. Nikaingia mbio, na mazoea yangu yale yale: "Mama, kinauma wapi?"

Akanitazama weee. "Hata shikamoo, baba?"

Nikahesabu vidole vya mguu ule. Vitatu. Nikarudia. Vitatu.

Karatasi nimeibandua. Foleni sasa inafika mchana, na juzi Sista Zawadi kaongea na babu mmoja habari za kuku mpaka nikatoka nje nisisikie. Habari za kuku zilipoisha, babu akafungua shati akaonyesha uvimbe.

Nyie mliopewa viti juzi na saa mpya mkononi, mkitaka kubana, baneni chai ya vikao. Salamu ya tatu iacheni! Mie niliokoa dakika mbili na sekunde kumi, nikatoa vidole viwili vya mama. Nimepiga hesabu tena na tena. Hakuna chenji inayorudi.