Nimemsomea Sajini, Nikaishia Mlangoni

Jamani, leo nimelipiza, na sioni aibu.

Mnajua nilivyokipenda kile kitabu cha wachunga ng'ombe wa Amerika, alichoniachia Mjerumani mmoja, Mdachi mfanyabiashara niliyekuwa mkalimani wake. Mwandishi yule simlinganishi na mtu! Hapigi kelele. Aliyeonewa anamfunga farasi tandiko polepole, na wewe msomaji unashika pumzi.

Basi, sajini mpya wa boma letu, Mdachi naye, hapa Rumonge alininyang'anya. Nilipokidai, akaamuru nichapwe viboko.

Leo kaniita. Macho yamemvimba, yamefungwa kitambaa, haoni kitu.

"Nisomee," akaniambia kwa Kidachi. "Nimebakiza mwisho tu."

Nikasoma. Vizuri kabisa, kwa heshima ya mwandishi.

Shujaa akafika kwa mtu aliyemuua kaka yake. Akasukuma mlango. Akaingiza mkono ndani ya koti...

Nikafunga kitabu, nikatoka nacho.

"Rudi! Soma!"

Chini ya dirisha lake wanawake walikuwa wanaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nikawasomea mwisho kwa Kiswahili, lugha ambayo sajini hawezi hata kuombea maji.

"Ee! Amemupata!" akaruka Mama Zaina. "Soma tena, kaka!"

Nikasoma tena. Vigelegele! Hata askari wa zamu akasogea kusikiliza.

Ndani, sajini anapiga ukuta: "Nani amekufa? Niambie, nani amekufa?"

Najua akipona nitachapwa tena. Na nichapwe.

Nikaondoka na kitabu changu, yeye bado anauliza.

Ninyi mngemjibu?