Kilo Nne Zilizoongezwa

Watu walimwita Mama Risasi, na aliyelisikia jina hilo mara ya kwanza alidhani ni mke wa askari. Risasi zake hazikuwa za bunduki. Zilikuwa vipande vizito vya kijivu, vya kilo moja na vya kilo mbili, vyenye matundu ya kupitishia mkanda, na kazi yake ilikuwa kuamua nani afungwe vingapi kiunoni kabla ya kuzama. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba cha vyuma cha shule ya kuzamia iliyokuwa nyuma ya gati, kati ya rafu za mbao zilizopinda kwa uzito.

Waliopita mlangoni waliiona kazi ya kitoto. Yeye aliijua undani wake. Ukimpunguzia mtu uzito, mtungi ukishakaribia kuisha hewa unakuwa mwepesi, naye anaibuka juu bila kutaka. Ukimzidishia, anakwenda chini kama nanga, masikio hayapati nafasi ya kuzoea, na akitaharuki anajaza hewa kwenye fulana yake ya kuelea na kufyatuka juu kama kizibo. Mama Risasi alimtazama mtu mabega, tumbo na mapaja, akaibinya suti yake ya mpira kwa vidole viwili kuujua unene, kisha akakitazama kifua.

"Mwenye hofu anavuta hewa na kuikumbatia," alikuwa akisema. "Huyo ataelea kwa hofu, si kwa wepesi. Usimwongezee chuma. Mwambie apumue."

Na hakuna aliyepanda boti kabla hajasimamishwa kwenye maji karibu na ngazi, fulana ikiwa haina hewa. Maji yakimfika machoni, uzito umetosha.

Ujuzi huo aliachiwa na marehemu mumewe, aliyefanya kazi ya kukwangua matumbo ya meli chini ya maji. Mtoto hakumwachia. Lakini Mama Risasi alikuwa na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na miaka sita mama yao alipofariki, na huyo alimlea kwa jasho lake, akamsomesha, akamwombea kazi kwa bosi wa shule hadi akawa mwalimu wa kuzamia. Siku mdogo mtu alipovaa fulana ya walimu, dada alilia chumbani kwake peke yake, kwa furaha.

Furaha haikudumu. Mdogo wake alikuwa na haraka. Mgeni akichelewa kuzama, kundi zima linasubiri juu, na bosi alipenda mwalimu anayepeleka makundi matatu kwa siku. Kwa hiyo mdogo mtu alikuwa akichukua vipande vya akiba kwenye boti na kuwachomekea wageni mifukoni.

"Dada, unawapima kama dhahabu," alimwambia akicheka. "Kilo mbili za ziada zimemuua nani?"

"Usingoje kujua," dada akamjibu.

Siku hiyo alikuja muuguzi mstaafu, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye watoto wake walitaka aone samaki kabla hajazeeka zaidi. Mama Risasi alimpa kilo nne, akamshusha kwenye maji ya ngazi, akamshika mkono mpaka pumzi ikatulia. Maji yakamfika machoni.

"Hivyo hivyo, mama," akamwambia. "Usikubali mtu akuongezee."

Kule kwenye kina muuguzi alishikwa na hofu, akaelea. Mdogo wake Mama Risasi akatazama saa, akamtia vipande viwili vya kilo mbili mbili, kimoja kila mfuko wa fulana. Mama wa watu alizama kama gunia. Sikio lilipasuka njiani. Akabonyeza kitufe cha hewa kwa nguvu zake zote, akapaa juu bila kutoa pumzi, na boti ilimrudisha gatini damu zikimtoka puani, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi. Mama Risasi ndiye aliyemvua fulana. Mifukoni alivikuta vile vipande, akamwinulia mdogo wake macho. Mdogo wake alikuwa akikunja kamba isiyohitaji kukunjwa.

Kesho yake bosi aliwaita wote wawili ofisini.

"Nani anachagua uzito hapa?"

"Ni kazi ya dada," mdogo wake akasema.

"Mimi nilimpa kilo nne," akasema Mama Risasi.

"Alikutwa na nane."

Mama Risasi alingoja. Alimtazama mdogo wake, na uso aliouona ulikuwa ule wa mtoto wa miaka sita aliyevunja kitu, anayesubiri dada aokote vipande. Neno lilimfika kooni, akalimeza. Alijiambia: atasema mwenyewe, nimemlea vizuri, hawezi kuniacha hapa. Yule hakusema. Bosi akamhamisha Mama Risasi kuosha suti, na mwezi haukuisha mdogo wake akafanywa mwalimu mkuu. Chumba cha vyuma kikafungwa. Kuanzia hapo kila mgeni, mnene kwa mwembamba, alipewa kilo nane.

Muuguzi alipotoka hospitali, Mama Risasi alikwenda kumjulia hali. Binti wa muuguzi alimsimamisha getini.

"Wewe ndiye uliyemvika mama yangu machuma, na miguu umepata ya kuja hapa?"

Kabla hajajibu, muuguzi alitokea mlangoni akiegemea fimbo, akigeuza kichwa ili asikilize kwa sikio lililobaki zima.

"Mwache. Huyu nilimsimulia bosi wake kuwa hakuniongezea. Nilimwambia ni yule mwalimu. Akasema nilikuwa nimechanganyikiwa, kwamba hata huyu mwenyewe hakusema hivyo." Akamkazia macho Mama Risasi. "Uliviona vyuma mfukoni?"

"Niliviona, mama."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ni mdogo wangu. Nimemlea."

Muuguzi aliishika fimbo kwa mikono miwili.

"Nimelea wagonjwa miaka thelathini," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yangu." Kisha akamwambia binti yake amsaidie kurudi ndani.

Mama Risasi alitembea mpaka ofisini kwa bosi moja kwa moja, akamwaga yote. Bosi alimsikiliza huku akichezea kalamu.

"Miezi mitatu, leo ndiyo unakumbuka? Mdogo wako amepanda cheo, roho inakuuma. Nenda kaoshe suti."

Jioni mdogo wake alimfuata nyumbani. Hakuketi.

"Umenichongea, dada."

"Nimesema kilichotokea."

"Ungesema siku ile, ningeelewa. Leo ni kijicho." Akafunga mlango taratibu, kama mtu aliyefunzwa adabu, na aliyemfunza ni dada yake.

Kilichomuuma Mama Risasi ni kwamba humo kulikuwa na punje ya ukweli. Siku ile neno lake lingepima kitu. Sasa lilikuwa halina uzito, na aliyeliondolea uzito ni yeye mwenyewe.

Aliacha kazi wiki hiyo. Leo anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni mbali na bahari. Kwa muuguzi alirudi mara mbili, na mara zote mbili geti halikufunguliwa. Mdogo wake amepata mtoto wa kike. Mama Risasi aliisikia habari hiyo kwa dereva wa boti aliyekutana naye sokoni, naye alimpa hongera akidhani shangazi amekwisha kumbeba mtoto.

"Ahsante," akamjibu, akaendelea kuchagua vitunguu.