Mimba Haianikwi

Kanisani tunafundishwa kusamehe saba mara sabini. Mimi kwa mama mkwe wangu bado sijamaliza hata mara ya kwanza, na wala sina haraka.

Niliolewa Chamwino nikitokea Kibakwe, kwenye milima ya Mpwapwa, nikaingia katika nyumba ya mama yake mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori. Anakuja nyumbani kama mgeni: anakula, analala, anaondoka. Kwa hiyo ndoa yangu, kusema kweli, ilikuwa na mama yake.

Nilipopata mimba ya kwanza, alitoa amri. "Mimba haianikwi, mwanangu," alisema kwa ile sauti yake ya asali. "Macho ya watu ni mabaya. Kaa ndani." Nikakaa. Maji alichota yeye, sokoni alikwenda yeye, na kliniki nilikwenda nimejifunika kanga kuanzia utosini. Chumba changu kilikuwa na dirisha moja dogo, na dirisha lenyewe lina pazia zito. Mtoto akazaliwa, wa kike, na sheria ikazidi kuwa kali: asitolewe nje, asije akatupiwa jicho. Uani, mbele ya mlango wangu, mama mkwe alikuwa akianika mboga ya mlenda ya kuliwa kiangazi kwenye mkeka. Mlenda ule uliona jua kuliko mimi na mwanangu.

Binti alichelewa kutembea. Aliposimama, loo! Magoti yalitazamana kwa mbali, miguu imepinda kama upinde. Mama mkwe hakulia. Alingoja jumuiya ije kwetu, wale akina mama wa kanisani wanaosali nyumba kwa nyumba, akawaambia: "Kwetu hakuna matege. Huyu ametoka nayo huko kwao milimani." Nilikuwa mlangoni na birika la chai, nikasikia kila neno. Kisha nikawamiminia chai wote, yeye wa kwanza. Moyoni nikamwambia, haya mama, ngoja. Zamu yako inakuja.

Nilimbeba mtoto nikampeleka hospitali mjini bila kuomba ruhusa ya mtu. Daktari, mama wa makamo, alimpapasa miguu, akauliza mtoto anacheza wapi. Nikamwambia hatutoki nje. Akanikazia macho. "Mama, na jua lote hili la Dodoma?" Akanieleza kwamba mifupa inahitaji vitamini D, na kwamba mwili unaitengeneza wenyewe ngozi ikipata jua. Mimi niliyefungiwa ndani sikuwa na ya kumpa mtoto, si tumboni, si kwenye maziwa. Akamwandikia dawa. Akasema miguu itanyooka kiasi, lakini hawezi kuniahidi kwamba itanyooka yote. Na mimba ikija tena, niwahi kliniki mapema.

Kumbe! Haikuwa damu ya kwetu, lilikuwa pazia lake. Nilimwambia mume wangu aliporudi safari. Akajikuna kichwa, akasema, "Mama ni mama." Ala! Na mimi ni nani, mpangaji?

Mimba ya pili ilipoingia, niliwahi kliniki. Nikapewa vidonge vya vitamini D pamoja na vile vya kuongeza damu, nikaviweka kabatini. Asubuhi moja nafungua kabati, havipo. Nikamkuta mama mkwe nyuma ya nyumba, amevitwanga vyote, amechanganya na pumba, anawamwagia kuku huku akiwaita kwa mapenzi.

"Hivyo vinanenepesha mtoto," aliniambia bila hata kupepesa. "Akiwa mkubwa utapasuliwa. Nakuokoa, mwanangu." Woga huo kwetu upo sana, wako wanawake wanaotupa vidonge vya kliniki kwa kuogopa kisu. Ningeweza kumwelewa, lakini akaongeza kwa kicheko: "Halafu ati vitamini ya jua! Watu wa Dodoma tumeanza kumeza jua?"

Sikupiga kelele. Ningepiga kelele angeita majirani waje wamwone mkamwana asiye na adabu. Nilirudi kliniki, nikakaripiwa na muuguzi, nikapewa vingine. Nikavifunga kwenye pindo la kanga, nikangoja jumuiya.

Walipokaa uani na vitabu vyao vya nyimbo, nilitoka na kiti, nikakiweka juani mbele yao. Sikujifunika. Nilivaa gauni la mikono mifupi, tumbo limetangulia.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," wakajibu, macho yote tumboni. Wengi hawakujua hata kama nina mimba.

Nikameza kidonge taratibu, nikashushia maji. "Hivi ni vya mifupa ya mtoto," nikasema. "Vile vya kwanza mama aliwapa kuku."

Mmoja akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na wenzake wakamfuata. "Basi mayai ya hapa mwaka huu hayatavunjika!" akasema mwingine. Mama mkwe akaanzisha wimbo ili awanyamazishe, wakazidi kucheka. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka mtoto akacheza tumboni. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilikaa palepale, mikono wazi, miguu wazi, nachambua mboga, na kila aliyepita njiani nilimsalimia kwa sauti kubwa, ili aliye ndani asikie kwamba mimba imeanikwa.

Nilijifungua mtoto wa kiume, bila kisu. Kila nilipomwogesha nilimnyoosha miguu, nikaikagua. Akatambaa, akasimama, akatembea. Imenyooka! Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Tulimbatiza akiwa tayari anakimbia. Ndugu wa mume wangu walikuja kutoka Haneti, mbuzi akachinjwa, ugali ukasongwa. Mtoto akapita mbio katikati ya wageni, na mama mkwe akamdaka, akamnyanyua juu, akawageukia wazee wa ukoo. "Oneni miguu! Hii ndiyo miguu ya kwetu!"

Vigelegele vikapigwa. Nikaweka sinia chini. Binti yangu alikuwa amekaa mkekani na watoto wenzake, amevaa gauni jipya. Nikamshika mkono, nikamsimamisha mbele ya watu wote.

"Mama," nikasema, "kama iliyonyooka ni ya kwenu, basi na hii ni ya kwenu. Uliipinda mwenyewe, kwa pazia lako. Jumuiya uliwaambia ni ya kwetu milimani. Leo waambie na ndugu zako ukweli."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mkwe akamshusha mtoto. Akatafuta pa kukaa asipaone, mpaka shemeji akamsogezea kiti. Nilimtazama nikaona raha, tena raha kubwa, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Nikahisi vidole vya binti yangu vinachomoka mkononi mwangu. Wageni wote, wa Haneti na wa Chamwino, walikuwa wanatazama miguu yake. Alishika pindo la gauni kwa mikono miwili, akalivuta chini, akabaki ameinama hivyo akilishikilia. Nikamwambia asimame wima.

"Mama," akasema, "nataka kwenda ndani."