Nilivyotafuta Kozi ya Kodi

Aliyenifanya nianze kutafuta kozi ya kodi ni mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge karibu na soko, hapa Singida Mjini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia nikasome. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilikuwa nimeajiriwa kwenye steshenari: natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napiga watu picha ndogo za fomu. Tangu mambo ya mapato yahamie mtandaoni, wafanyabiashara wadogo walianza kuja kwetu kujaziwa makadirio ya kodi na ritani, zile taarifa za mapato ya mwaka, kwa sababu sisi tulikuwa na kompyuta na wao hawakuwa nayo. Hakuna aliyenifundisha. Nilibonyeza hapa, nikabonyeza pale; mfumo ukikataa narudi nyuma, ukikubali naprinti karatasi na mteja anaondoka akishukuru.

Mama yule nilimjazia miaka mitatu. Mumewe alikuwa ameshafariki, watoto wake walikuwa mbali, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Siku aliyofunga duka alipita kwangu, nikampa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fremu ya watu nimeshawakabidhi, na vitenge vilivyobaki nimempa mdogo wangu. Sasa huko kwenye kodi kuna kitu kingine natakiwa kufanya?"

Nilikuwa nalaminisha cheti cha mtu. Sikuinua hata macho.

"Hapana mama, ukishafunga umefunga. Nenda kapumzike."

Sikumdanganya kwa makusudi. Nilidhani kweli ndivyo ilivyo.

Mwaka ulipita na miezi kadhaa, akarudi na bahasha. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na mtoto wa jicho, hakuweza kusoma, kwa hiyo barua aliniletea mimi nimsomee. Kwenye mfumo duka lake lilikuwa bado liko wazi. Hakuna aliyepeleka taarifa kwamba limefungwa, basi makadirio yakaendelea kana kwamba anauza kila siku, na juu yake zikapanda adhabu za kuchelewa. Nilimsomea hadi mwisho. Jumla niliisoma mara mbili.

"Lakini wewe uliniambia nimemaliza," alisema.

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeuliza alipoacha mwavuli wake. Nilimletea maji, akanywa, nikaendelea kusimama pale na ile barua mkononi.

Kesho yake nilimsindikiza ofisi ya mapato. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mpole, alimwamkia mama kwanza kabla ya kugusa karatasi. Akatazama kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Nani alikuwa anakujazia, mama?"

"Huyu hapa, mwanangu."

Akanigeukia. "Dada, wewe ni mshauri wa kodi? Umesajiliwa?"

"Hapana. Nipo steshenari."

"Umesomea wapi mambo haya?"

Nilitazama meza. Mama alinijibia: "Anajua kompyuta."

Kijana hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimweleza mama aandike barua, aambatanishe karatasi ya serikali ya mtaa na ya mwenye fremu, halafu waangalie kama adhabu zinaweza kupunguzwa. Wakati tunaondoka akaniambia, "Tafuta kozi, dada, kama unataka kuendelea na kazi hii." Kozi gani, hakusema. Mimi nikaona aibu kuuliza.

Nikaanza kutafuta. Kwenye nguzo karibu na stendi kulikuwa na tangazo: wiki tatu tu, utakuwa mtaalamu wa kodi, cheti kinatolewa. Kwenye simu nilipata kozi nyingine ya watu wa Dar es Salaam, inayosomwa mtandaoni, lakini hao walitaka mtu awe tayari na diploma. Ya tatu ilikuwa hapahapa mjini, kwenye chuo kinachofundisha uhasibu na kodi kuanzia ngazi ya cheti. Hiyo ndiyo niliyoitamani. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa sketi yangu ya kanisani, nikaenda na matokeo yangu ya kidato cha nne ndani ya bahasha.

Mama wa ofisi ya udahili aliyapitia na kalamu.

"Masharti ni kufaulu masomo manne."

"Ninayo manne."

"Kiswahili, Uraia, Baiolojia." Kalamu ikasimama. "Hayo ni matatu."

"Na Maarifa ya Biblia. Nina B."

"Masomo ya dini hayahesabiwi."

"Hata kama ni B?"

"Hata ingekuwa A, mdogo wangu. Mimi sikutunga hayo masharti."

Ilikuwa B yangu pekee. Mengine yote niliyofaulu ni D. Nilirudisha bahasha kwenye mkoba, nikamshukuru, nikatoka. Nje wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakicheka na simu zao, nikapita katikati yao nikisema samahani, samahani.

Jumamosi hiyo nilikwenda kijijini Ulemo kwa wazazi. Baba yangu ni mkulima, na kwa miaka mingi amekuwa mwinjilisti wa kanisa letu. Nilimkuta uani anapigapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zinarukia turubai. Nikachukua fimbo nyingine nikamsaidia, na tukiwa tunapiga nikamweleza habari za chuo.

"Nani amesema haihesabiwi?" aliuliza.

"Ndio utaratibu wa vyuo vyote, baba."

Alicheka kidogo. Tuliendelea kupiga. Baadaye aliweka fimbo chini akakaa kwenye kinu kilicholazwa, akaanza kuongea Kinyiramba, kama anavyofanya jambo likiwa zito. Alinikumbusha kitu ambacho mimi nilikuwa nimekisahau. Nilipoingia kidato cha tatu nilitakiwa kuchagua kati ya masomo mawili, utunzaji wa vitabu vya hesabu na Maarifa ya Biblia. Mwalimu alinishauri nichukue la hesabu. Nilikwenda nyumbani kuuliza, na baba akasema mtoto wa mwinjilisti hawezi kuliacha Neno akashika vitabu vya biashara.

"Mimi ndiye niliyekuchagulia," alisema. "Nisamehe, mama."

Tangu utoto wangu ananiita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nilimwambia siyo kosa lake, na ni kweli. Lakini kumwona anatazama mikono yake namna ile, mzee ambaye sijawahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu, kulinimaliza kuliko yule mama wa udahili. Mama yangu alituletea uji, tukanywa.

Nikarudi mjini na kufanya jambo la kijinga. Nikajiandikisha ile kozi ya kwenye nguzo. Haikuuliza matokeo ya mtu. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye ukumbi wa gesti, viti vya plastiki, na mwalimu aliyekuwa akisoma maneno ya projekta ukutani kama yalivyo, neno kwa neno. Siku ya pili niliinua mkono.

"Mtu akifunga biashara anatakiwa kufanya nini ili asiendelee kudaiwa?"

"Swali zuri sana," alisema. "Hiyo tutakuja kuiona mbele."

Nilingoja wiki ya pili, nikangoja ya tatu. Haikuja. Siku ya mwisho tulipigwa picha, tukapewa vyeti vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Nilikipeleka changu kwa yule ofisa wa mapato. Alikisoma mbele na nyuma.

"Hiki kinaonyesha ulihudhuria, dada. Kukusajili hakiwezi."

"Nilijua," nilimwambia. Sikujua. Nilisema hivyo ili nipate namna ya kusimama na kuondoka.

Kwa hiyo ikabaki kurisiti, kurudia mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wetu wa kopi za mitihani, nilimuuliza nirudie somo gani. Nilitaka lile la vitabu vya hesabu, ambalo sikusoma zamani. Akatikisa kichwa.

"Hilo bila mwalimu utaumia. Chukua Jiografia. Unahitaji D moja tu."

Basi nikasoma Jiografia ili nipate kusomea kodi. Mwaka mzima, mteja akitoka nafungua daftari: aina za mawingu, mabonde ya ufa, kilimo cha nchi ambazo sitafika. Bosi wangu alikuwa akiniangalia tu. Nilikuwa nimemwambia kwamba sitajaza tena ritani za watu hadi nijue ninachofanya.

"Ukiwakataa wanakwenda kwa jirani," alisema. "Na jirani hajui kukuzidi wewe."

Alikuwa sahihi. Akawa anawajazia mwenyewe, kwa namna ileile niliyokuwa nikifanya mimi, na mimi nimekaa hatua mbili kutoka kwake nikikariri mawingu. Siku moja nilimsikia akimwambia muuza vitunguu mmoja kitu ambacho sikuwa na hakika nacho. Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba amekosea, wakati mimi mwenyewe sikujua lililo sahihi? Nikaufunga. Muuza vitunguu akakunja karatasi yake akaondoka.

Katikati ya mwaka huo shauri la mama wa vitenge liliisha. Adhabu walimpunguzia sehemu, na iliyobaki aliilipa mwanawe aliyeko Mwanza. Yeye ndiye aliyekuja kumchukua mama yake akaishi naye huko. Walipita steshenari kuniaga. Mama alinikumbatia, akaniombea dua ndefu. Mwanawe alingoja hadi mama alipokwenda kukaa kwenye bajaji, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini.

"Dada, mama amenikataza kukulaumu. Sikulaumu. Lakini siku nyingine kama hujui, sema hujui."

"Nimesikia, kaka."

"Haya. Baki salama."

Bajaji ikaondoka. Mama alipunga mkono upande ambao mimi sikuwepo, kwa sababu ya macho yake.

Mtihani niliufanya pamoja na watahiniwa wengine wa kujitegemea, baadhi yao umri wa kuwa wanangu. Matokeo yalipotoka nilikuwa na D ya Jiografia. Nilimpigia baba, akasema Bwana asifiwe mara tatu na kuuliza kama sasa nimeshakuwa mtu wa kodi. Nikamwambia bado, ndiyo kwanza nimefika mlangoni.

Sikujua mlango wenyewe uko mbali kiasi gani na chumba. Wiki ya kwanza chuoni mwalimu wetu wa kodi alichora ngazi ubaoni. Chini kabisa akaandika cheti, ndipo tulipo. Juu yake diploma. Juu yake shahada, au mitihani ya bodi ya wahasibu. Juu kabisa, baada ya uzoefu, ndipo mtu anaomba kusajiliwa kuwa mshauri wa kodi. Vijana waliandika haraka na kugeuza ukurasa. Mimi nilihesabu kwenye kona ya daftari. Nikienda bila kuanguka hata mara moja, nitakuwa nimevuka miaka arobaini na mitano.

Binti niliyekaa naye dawati moja alichungulia hesabu yangu.

"Dada, kwa nini ulichagua kozi hii?"

Nilitaka kumwambia habari za yule mama, nikaona ni ndefu. "Ndiyo iliyonikubali," nikasema.

Muhula wa kwanza umeisha. Somo la kodi nimefaulu, tena vizuri, na taarifa ya kufunga biashara tulifundishwa kwa dakika kama kumi. Ni fomu moja na barua moja, basi. Nilipoiona ubaoni niliomba ruhusa nikatoka nje, nikasimama kwenye veranda hadi mwalimu alipomaliza. Hisabati ya biashara nimeanguka. Wiki ijayo nina sapu, mtihani wa marudio. Asubuhi nafungua steshenari, mchana naenda darasani, na katikati najaribu kuelewa asilimia, ambazo kila nikidhani nimezishika zinaniponyoka. Nikianguka tena narudia mwaka. Bosi ameshasema ruhusa ya kutoka mchana kwa mwaka mwingine hana.