Chapa ya Meno na Adhana Mbili

Nilishaona dhahabu ikichekechwa kutoka kwenye matope, nilishakamua mawese, nilishaziba mipira ya baiskeli mpaka vidole vikanuka gundi. Lakini sikuwahi kuona mtu akichukua chapa ya meno ya mtu mwingine. Kwa hiyo fundi wa meno aliposimama sokoni Kasongo akiuliza nani atampeleka Kabambare kwa moto, yaani pikipiki, nilijibu kabla hajamaliza swali. Madereva wenzangu walikuwa bado wanalaani barabara.

"Ndani ya sanduku hilo iko nini?" nilimuuliza akipanda.

"Endesha tu. Utaona tukifika."

Niliacha shule mapema, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja muda mrefu. Kitu kipya kikipita mbele yangu, miguu inakifuata. Fundi huyo naye alikuwa mtu wa kuja, alitoka upande wa Bukavu, mtu wa kanisa, mpole, mwenye chumba kidogo nyuma ya soko ambamo alitengeneza meno ya bandia. Njiani alinieleza safari yake. Mwalimu mmoja wa Kurani kule Kabambare alianguka na moto kwenye utelezi, akapoteza meno manne ya mbele, ya juu. Tangu siku hiyo hajasalisha watu. Kuna herufi za Kurani zinazotaka ncha ya ulimi iguse meno hayo, na kwake zilitoka kama upepo wa mpira uliotoboka. Kwa hiyo alirudi nyuma msikitini, akaachia kijana mwingine nafasi ya mbele. Sasa Ramadhani ilikuwa inakaribia, na alitaka kusalisha tarawehe kama alivyozoea miaka yote.

"Meno ninatengeneza Kasongo," fundi alisema sikioni mwangu, "lakini bila chapa ya kinwa chake siwezi kitu. Chapa ndiyo kazi yote."

Kwenye kijito kimoja daraja lilikuwa magogo mawili. Tulisukuma moto, na kopo la unga wa chapa likamtoka fundi likatumbukia majini. Tulilikamata, lakini kifuniko kilikuwa kimelegea, na sehemu kubwa ya unga ikawa mabonge. Fundi aliutazama uliobaki mkavu, akafunga kopo kwa nailoni, akalikumbatia mpaka Kabambare.

Mwalimu alitupokea barazani mwa nyumba yake, karibu na msikiti. Mtu mrefu, kanzu safi, mkono mbele ya mdomo kila alipozungumza. Mkewe alileta maji ya kunawa na kututazama mmoja mmoja.

"Dokta ni yupi?"

"Ni mimi, Mama, lakini mimi si dokta. Mimi ni fundi."

"Na huyu mwenye matope mpaka kwenye masikio?"

"Huyu ni dereva. Anataka kuona."

"Basi aone. Mimi pia ninataka kuona. Mume wangu amezungumza nami kupitia mkono muda mrefu, nimechoka."

Mwalimu alicheka, akasahau kuziba mdomo, na nikaliona pengo.

Fundi alifungua sanduku, na moyo wangu ulidunda kama wa mtoto siku ya Idi. Vijisahani vya bati vyenye umbo la upinde wa meno, vyenye matundu. Kibakuli cha mpira unachoweza kukikunja kama kofia. Mwiko mpana. Aliomba maji ya baridi, kwa sababu joto linaharakisha unga kuganda, na Mama akachota ya mtungini. Kisha fundi akakoroga. Unga ulikuwa wa zambarau, unanukia kama pipi ya mnanaa. Alivyokoroga ukawa wa waridi, mlaini, unang'aa!

"Ukibadilika kuwa mweupe, umekamata," aliniambia. "Kabla ya hapo, asitikisike hata kidogo."

Alianza na meno ya chini. Mwalimu alifumba macho, akasema bismillahi, akafungua kinywa. Kijisahani kiliingia. Tulisubiri. Uji wa waridi uliobaki kwenye kibakuli ukapauka, ukawa mweupe, fundi akakitoa kijisahani kwa mvuto mmoja. Nilisogea karibu mpaka akanisukuma kwa kiwiko. Kila jino lilikuwa limeacha shimo lake, na hata ufa mdogo kwenye jino moja ulionekana. Kinywa cha mtu, kimepinduliwa ndani nje!

Akakoroga tena kwa ajili ya juu, penye pengo, ndipo penyewe. Kijisahani kikaingia, kikakaa vizuri. Wakati huo huo, msikitini hapo jirani, mwadhini akaanza kuadhini adhuhuri.

Mtu aliyelelewa kwetu Waislamu akisikia adhana anaitikia, neno kwa neno, nyuma ya mwadhini. Mwalimu amefanya hivyo tangu utotoni, mara tano kila siku. Midomo yake ikaanza kucheza. Ulimi ukapanda. Uji wa waridi ukamtoka pembeni ya mdomo ukashuka ndevuni.

"Usitikisike! Mwalimu, ulimi! Ulimi!" fundi alipiga kelele.

Alipokitoa kijisahani, ndani yake kulikuwa na mifereji tu, kama njia iliyopitwa na ng'ombe.

"Kwani unazungumza na nani?" fundi aliuliza, jasho likimtoka.

"Ameitikia adhana," Mama alimjibu. "Ulitaka anyamaze?"

"Mama, mimi ni mutu wa kanisa, ningejuaje?"

Mwalimu alijifuta ndevu. Hakucheka tena. Fundi aliinua kopo, akalitikisa, tukasikia kilichobaki. Kilitosha mara moja tu. Unga mwingine ungetoka Bukavu, na Ramadhani isingeungojea.

"Adhana imekwisha," alisema mwalimu kupitia mkono wake. "Tufanye sasa, kisha niende kuswali."

Fundi akakoroga mara ya mwisho. Mimi nilizaliwa Kasongo katika nyumba ya Waislamu, na wazo lilinijia uji ukiwa tayari wa waridi: Kabambare haina msikiti mmoja tu. Kijisahani kilikuwa kimeshaingia kinywani niliposikia, kutoka upande wa pili wa mji, mwadhini mwingine akisafisha koo kwenye kipaza sauti.

Nilipiga magoti mbele ya mwalimu, nikamshika mkono.

"Mwalimu, itikia hapa. Mkononi mwangu. Kinywa kiache."

Alifumbua macho akanitazama. Adhana ikaanza. Nilisikia taya lake likikaza, na kabla midomo haijasogea, vidole vyake vikaminya kiganja changu. Mwadhini akanyamaza kuvuta pumzi, vidole vikaminya. Neno jingine, akaminya tena, kwa nguvu kiasi kwamba mifupa yangu iligusana. Mama alikuwa ameziba mdomo wake mwenyewe kwa kitenge. Fundi hakuondoa jicho kwenye kibakuli. Waridi. Waridi bado. Kisha kingo zikapauka, kisha katikati.

"Nyeupe!" nilipaza sauti, kana kwamba wao hawaoni.

Fundi akavuta. Akageuza kijisahani kwenye mwanga, na uso wake wote ukafunguka. Meno ya pembeni yalikuwa yamechapwa sawasawa, na katikati fizi tupu, laini, yenye mikunjo yake.

"Sasa plasta, haraka, chapa ikikauka inasinyaa!"

Tulikoroga plasta nyeupe kama ile wanayofungia mfupa uliovunjika, tukaimimina ndani ya chapa, hapo hapo barazani. Niliruhusiwa kugongagonga kijisahani ili mapovu yatoke. Mwalimu aliporudi kutoka kuswali, kinywa chake kilikuwa juu ya mkeka, cheupe, kigumu kama jiwe. Alikizunguka akikitazama, akagusa pengo kwa kidole.

"Kumbe niko hivi," alisema.

Meno yalipokuwa tayari Kasongo, sikungoja fundi apate nafasi. Niliyaweka ndani ya kopo lenye maji, nikalifunga kifuani, na kwenye yale magogo mawili nilivuka kwa miguu kwanza, kopo mikononi, kisha nikarudia moto. Nilifika Kabambare jua linashuka, siku ambayo mwezi ulikuwa unatafutwa. Mwalimu aliyavaa akiwa amesimama. Alikaza uso, akayasukuma kwa ulimi, akayaacha yakae.

"Sema kitu," Mama alimhimiza. "Niambie hata neno baya."

Magharibi ilikuwa imeingia, na mwadhini wa jirani akaanza. Mwalimu aliteremsha mkono wake kutoka mdomoni, akaitikia kwa sauti, neno kwa neno, kila herufi mahali pake. Kisha akavaa kofia, akavuka uwanja, akapita safu zote mpaka mbele kabisa. Nilikimbia nyuma yake nikiwa na matope yangu, nikitafuta maji ya kutawadha, maana nilitaka kusikia yote tangu mwanzo.