Mwalimu Aliyeulizia Furu Mwaloni

Nikisikia harufu ya mapanki yakikaangwa pale Mabatini, yaani mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondoka, mkono wangu wa kulia hujikunja wenyewe. Msinicheke. Mkono huu uliwahi kukataa kiboko.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ile ya tisini, minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya na sisi tukibaki na mifupa. Mama yangu alikaanga mapanki na kuyauza mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hivyo samaki niliwajua kuliko hesabu. Mwalimu Nyanzobe alikuwa mtu wa ng'ombe, amehamia kwetu kutoka Shinyanga, na ziwa alilijua kwa kitabu tu. Alikuwa mwalimu mzuri, nalisema hilo mapema. Hakuchelewa, hakututuma kumchotea maji nyumbani, na hakuvuka somo mpaka aliyekaa nyuma kabisa aelewe. Lakini kila kosa lilikuwa na kiboko chake.

Ijumaa moja alitupa jaribio: tutaje samaki watatu wanaopatikana kwa wingi Ziwa Viktoria. Nikaandika sangara, sato na dagaa. Kitabu chetu, cha zamani mno, kilisema furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, sato na dagaa. Wenzangu watatu walioandika sangara walinitangulia mbele, wakachapwa, wakarudi wakipuliza viganja. Zamu yangu ilipofika nikaweka mkono nyuma.

"Kitabu hakijawahi kufika mwaloni, Mwalimu," nikasema.

Kukataa kiboko kulitosha kukufukuzisha shule. Mwalimu akalaza fimbo mezani, akasema kesho atakwenda kuona mwenyewe, na kama nimedanganya, Jumatatu nitakabidhiwa kwa mwalimu mkuu.

Akaja kweli, viatu vyake vya kazini vikizama kwenye tope la mwaloni. Mama alipomwona alidhani nimeua mtu. Mwalimu akaulizia furu meza moja baada ya nyingine, na wachuuzi wakacheka.

"Furu utaipata wapi, Mwalimu?" mzee mmoja akamwambia. "Sangara imemaliza yote."

Jumatatu nikifagia nje ya ofisi, nilimsikia mwalimu mkuu akimwonya Mwalimu Nyanzobe kwamba mwalimu akimwomba mtoto radhi, heshima ya shule nzima imekwisha. Mwalimu wetu akatoka, akaja darasani, akawasimamisha wale watatu.

"Niliwachapa kwa kosa langu," akasema. "Nisameheni."

Hatukuwa na mazoea ya jambo hilo. Mmoja wao, kwa kuchanganyikiwa, akaitika "marahaba", na hakuna aliyecheka.

Muhula uliofuata aliondolewa kwetu, akapelekwa darasa la kwanza. Tulimfurahia, tukidhani kuimba na watoto wadogo ni kupumzishwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kuwa ile ilikuwa adhabu, na kwamba aliijua kabla hajafungua mdomo. Mimi niliokoa kiganja tu.

Sasa nafundisha. Juzi binti wa darasa la tano aliniambia, mbele ya mkaguzi, kwamba nimekosea ubaoni. Nikatazama, yuko sahihi. Nikafuta, nikamwomba radhi. Mkaguzi akainamia daftari lake, akaandika.

Na aandike. Mlango wa darasa la kwanza naujua.